Upasuaji wa kujifungua hospitali binafsi: Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa kianzio

Dar es Salaam. Mama akishaambiwa na daktari kwamba safari hii atajifungua kwa upasuaji, swali la kwanza nyumbani huwa ni fedha, na la pili ni wapi. Mume anaanza kupiga hesabu, dada mtu anaipigia debe hospitali aliyojifungulia yeye, na mama mkwe anauliza kama kweli hakuna njia nyingine.

Kwa familia nyingi za mjini zenye kipato cha kati, jibu siku hizi ni hospitali binafsi. Kuna wanaovunja kibubu, wanaoomba zamu ya mchezo iletwe mbele na wanaokopa kwenye saccos, ili mama apate kitanda chake mwenyewe na daktari anayemfahamu.

Uamuzi huo hauna ubaya. Tatizo ni vigezo vinavyotumika. Wengi huchagua kwa kuangalia vigae vinavyong'aa, televisheni ya chumbani, mapokezi yenye kiyoyozi na lugha nzuri ya wahudumu. Yote hayo ni mazuri, lakini hayana kazi damu inapogoma kukata saa tisa usiku, au kichanga anapozaliwa akishindwa kupumua vizuri.

Upasuaji wa kupangwa una faida moja kubwa ambayo ule wa dharura hauna: muda. Familia ina wiki kadhaa za kuuliza, kulinganisha na kuamua. Makala hii inaeleza namna ya kuutumia muda huo.

Jua kwanza kwa nini unapasuliwa

Kabla ya kuzungumzia hospitali, mama ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa sababu ya kupasuliwa. Ridhaa ya upasuaji ni ya mama mwenyewe, na karatasi anayotia saini haina maana kama hajui kilichoandikwa ndani yake.

Zipo sababu zisizo na mjadala mkubwa. Kondo la nyuma likiwa limeziba njia ya uzazi, mtoto hawezi kupita bila mama kuvuja damu nyingi. Mtoto akiwa amelala kingamo hadi mwisho wa mimba, hana njia ya kutokea. Mama aliyewahi kupasuliwa mfuko wa uzazi kwa mkato wa kwenda juu hatakiwi kusubiri uchungu, kwa sababu kovu hilo linaweza kuachia. Mama anayeishi na VVU ambaye wingi wa virusi bado uko juu naye anaweza kushauriwa upasuaji ili kumkinga mtoto.

Sababu nyingine zinahitaji mazungumzo zaidi. Mtoto kutanguliza makalio, mapacha, au mama kuwa na kovu moja la upasuaji uliopita ni mambo ambayo daktari na mama wanapaswa kuyapima pamoja. Kauli ya mtaani kwamba ukipasuliwa mara moja utapasuliwa daima si sahihi kwa kila mtu. Kwa mama mwenye kovu moja la chini aliyechunguzwa na kuonekana anafaa kujaribu, takribani watatu kati ya wanne wanaojaribu hufanikiwa kujifungua kwa njia ya kawaida, ili mradi wako katika hospitali inayoweza kuwapasua haraka mambo yakibadilika.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza mwaka 2015 kwamba kiwango cha upasuaji katika nchi kikivuka asilimia 10 ya uzazi wote, hakuna ushahidi kwamba vifo vya kina mama na watoto wachanga huendelea kupungua kwa sababu hiyo. Mwaka 2021 shirika hilo lilisema zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano duniani huzaliwa kwa upasuaji. Hapa nyumbani, utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kiwango hospitalini hapo kilipanda kutoka asilimia 19 hadi 49 ndani ya takribani miaka kumi.

Takwimu hizo hazisemi kwamba upasuaji ni mbaya. Unaokoa maisha kila siku, na ni sehemu ya sababu vifo vitokanavyo na uzazi nchini vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Zinachosema ni kwamba kila upasuaji uwe na sababu yake. Hospitali inayokukimbiza kupasuliwa bila kukueleza kwa nini imeshakupa jibu la swali lako la kwanza.

Tarehe haichaguliwi kama ya harusi

Wapo wanaotaka mtoto azaliwe siku ya kumbukumbu ya ndoa, au kabla mume hajasafiri kikazi. Wapo pia madaktari wanaopanga tarehe kwa kutazama ratiba zao.

Kama hakuna sababu ya kitabibu ya kuharakisha, upasuaji wa kupangwa hufanyika mimba ikiwa imetimiza wiki 39. Mtoto anayetolewa kabla ya hapo bila kupitia uchungu yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata shida ya kupumua, kwa sababu mapafu yake bado hayajajiandaa vya kutosha. Wiki mbili ambazo familia inaziona ndogo zinaweza kuwa tofauti kati ya mtoto kulala kifuani kwa mama yake na mtoto kulala kwenye mashine.

Hesabu hiyo ya wiki inategemea kipimo cha ultrasaundi kilichofanyika mapema, hasa katika miezi mitatu ya kwanza. Kinachofanyika mimba ikiwa kubwa kinaweza kukosea kwa wiki mbili au zaidi. Tunza karatasi ya kipimo cha kwanza na uende nayo kila kliniki, hata ukihama hospitali.

Wachache, kama wale ambao kondo limeziba njia, hupangiwa mapema zaidi kwa sababu kusubiri nako kuna hatari. Hapo daktari ataeleza.

Chagua hospitali kwa kuangalia usiku wake

Hospitali nyingi hupendeza saa nne asubuhi. Daktari bingwa yupo, maabara iko wazi, mhasibu yupo. Lakini takribani mama mmoja kati ya kumi waliopangiwa upasuaji huanza uchungu, au kuvunja chupa, kabla ya tarehe waliyopewa. Uchungu hauangalii saa wala sikukuu.

Kwa hiyo swali la msingi si nani atanipasua Jumanne saa mbili asubuhi, bali nikija Jumapili saa nane usiku nitamkuta nani. Mtaalamu wa usingizi analala hospitalini au anapigiwa simu atoke nyumbani Kigamboni? Daktari wa upasuaji atafika baada ya dakika ngapi? Chumba cha upasuaji kina jenereta inayowaka yenyewe umeme ukikatika?

Jambo la pili ni damu. Hata upasuaji uliopangwa vizuri unaweza kuleta uvujaji mkubwa, hasa kwa mama mwenye mapacha, uvimbe kwenye kizazi, kondo lililokaa vibaya au makovu ya zamani. Uliza kama hospitali ina benki yake ya damu au hutuma mtu kuifuata kwenye kituo cha Mpango wa Taifa wa Damu Salama. Damu ya kundi lako iwe imeshapimwa na kutengwa kabla hujaingia chumba cha upasuaji. Ndugu wakichangia mapema, wanaisaidia benki ya damu na wanajisaidia wenyewe.

Kama kundi lako la damu ni hasi, uliza pia kuhusu sindano ya anti-D. Mtoto akizaliwa na kundi chanya, mama anapaswa kuchomwa sindano hiyo ndani ya saa 72 ili kulinda mimba zijazo. Si kila duka la dawa huwa nayo, na kuitafuta mji mzima mama akiwa kitandani ni usumbufu unaoepukika.

Jambo la tatu ni mtoto. Je, kuna wodi ya watoto wachanga wanaohitaji uangalizi maalumu, yenye oksijeni, mashine ya kusaidia kupumua na muuguzi aliyefunzwa kazi hiyo? Daktari wa watoto huwapo wakati wa upasuaji, au huitwa mambo yakiharibika? Hospitali nyingi ndogo hazina huduma hiyo, na mtoto akizidiwa huhamishiwa hospitali kubwa kama Muhimbili.

Kuhamishwa si aibu kwa hospitali. Aibu ni kutokuwa na mpango. Uliza wanampeleka mgonjwa wapi, kwa gari la nani, na safari hiyo huchukua muda gani foleni ikiwa imefunga. Kwa mama ambaye mimba yake ina hatari kubwa tangu mwanzo, mara nyingi ni busara kwenda moja kwa moja kwenye hospitali ambayo wengine huhamishiwa.

Hapo ndipo familia nyingi husahau kwamba kuna njia ya katikati. Baadhi ya hospitali kubwa za umma, ikiwemo Muhimbili, zina huduma za kulipia ambapo mgonjwa hupata daktari bingwa na faragha, huku benki ya damu na wodi ya vichanga vikiwa jengo la jirani. Zipo pia hospitali za mashirika ya dini ambazo bei zake hukaa kati. Na kwa sera ya Serikali, huduma za uzazi katika vituo vya umma hazilipiwi, ingawa familia nyingi hujikuta zikinunua baadhi ya vifaa. Mwenye fedha kidogo asione kwamba kwenda Amana, Temeke au Mwananyamala ni kushindwa. Ni hospitali za rufaa za mkoa, na upasuaji wa uzazi ni kazi yao ya kila siku.

Bei ya pakeji na yaliyoachwa nje

Hospitali binafsi nyingi hutangaza bei ya jumla, maarufu kama pakeji. Bei hiyo hutofautiana kulingana na hospitali, aina ya chumba na daktari unayemchagua. Linalowaumiza watu si kiasi kilichotangazwa, bali kisichotajwa.

Omba mchanganuo kwa maandishi. Angalia kama ndani yake kuna ada ya daktari wa upasuaji, mtaalamu wa usingizi, daktari wa watoto, vipimo, dawa, chumba cha upasuaji na siku za kulala wodini. Halafu uliza kuhusu yaliyo nje: damu, siku za ziada, chumba cha mahututi, na gharama ya kila siku ya mtoto akilazwa kwenye uangalizi maalumu.

Hiyo ya mwisho ndiyo huangusha familia. Mama anaruhusiwa siku ya tatu kwa bei waliyokubaliana, lakini mtoto anabaki wiki mbili kwenye mashine na bili inapanda kila asubuhi. Familia iliyopanga fedha za upasuaji tu huanza kuuza vitu. Wenye uzoefu hushauri kutenga akiba nje ya bei ya pakeji, na kukubaliana mapema nyumbani: mtoto akihitaji siku nyingi, atahamishiwa wapi na lini, kabla fedha hazijaisha.

Uliza pia kianzio kinarudishwa vipi kama mama ataanza uchungu na kujifungua salama kwa njia ya kawaida, au kama atahamishiwa hospitali nyingine.

Bima isomwe kabla ya mimba kukua

Kuwa na kadi ya bima si sawa na kuwa na malipo. Bima nyingi za kampuni huweka muda wa kusubiri kabla ya huduma za uzazi kuanza kutumika, na huweka kikomo cha fedha. Kikomo cha upasuaji wa dharura kinaweza kuwa tofauti na cha upasuaji wa kupangwa. Nyingine hutaka kibali kabla ya siku ya kulazwa, na barua ya daktari inayoeleza sababu.

Wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) nao wathibitishe na hospitali yenyewe, si kwa kusikia. Wengi wanakumbuka Machi 2024, mfuko huo ulipoanza kutumia kitita kipya cha bei na baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha kuwahudumia wanachama wake. Mjamzito aliyekuwa amebakiza wiki chache hakuwa na muda wa kusubiri mazungumzo yamalizike. Jifunze kutokana na hilo: kuwa na hospitali ya pili kichwani, na uwe umeshafungua faili huko.

Muulize pia mtoto atatibiwa kwa kadi ya nani siku za mwanzo, kwa sababu anapozaliwa bado hana kadi yake.

Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mwajiri anatakiwa kupewa taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio. Baba ana siku tatu za malipo. Ni chache, kwa hiyo azipangilie: mara nyingi mama anamhitaji zaidi siku ya kurudi nyumbani kuliko siku ya upasuaji, ambapo wauguzi wapo.

Siku yenyewe

Usiku wa kuamkia upasuaji mama huambiwa aache kula. Chakula kizito huachwa angalau saa sita kabla, na hospitali itaeleza maji ya kunywa yaachwe saa ngapi. Asile kwa siri kwa kuhofia kuishiwa nguvu. Chakula tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu ikibidi alazwe usingizi kabisa. Aoge vizuri, na asijinyoe kwa wembe nyumbani, kwa sababu michubuko midogo hukaribisha wadudu.

Wengi huchomwa ganzi ya mgongoni. Mama huwa macho, husikia kuvutwavutwa lakini si maumivu, na humsikia mwanawe akilia. Dawa ya kuzuia maambukizi hutolewa kabla ya kukatwa. Mama na mtoto wakiwa salama, mtoto anaweza kuwekwa kifuani na kuanza kunyonya ndani ya saa ya kwanza. Uliza mapema kama hospitali yako hufanya hivyo, na kama mume au ndugu anaruhusiwa kuingia. Hospitali inayomtenga mtoto mzima kwa saa kadhaa bila sababu haijakusaidia, hata kama chumba chake kina sofa.

Baada ya hapo mama husaidiwa kuamka na kutembea kidogo kidogo ndani ya siku ya kwanza. Inauma, lakini kutembea huzuia damu kuganda miguuni. Dawa ya maumivu si anasa. Mama anayeumia hawezi kutembea wala kunyonyesha vizuri.

Nyumbani, maji ya moto yakae pembeni

Mama akirudi nyumbani, bibi na shangazi huwa wameshaandaa sufuria. Desturi ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto ina watetezi wengi, lakini kidonda kibichi cha upasuaji hakikandwi. Maji ya moto huunguza ngozi yenye ganzi na yanaweza kufumua mshono. Mkaja nao usikazwe juu ya kidonda bila daktari kuruhusu. Kama wazee wanataka kusaidia, na msaada wao unahitajika sana, wapike mtori na uji, wafue nguo na wambebe mtoto mama apate usingizi. Mama asinyanyue ndoo ya maji kwa wiki sita za mwanzo.

Arudi hospitali mara moja akiona homa, kidonda kutoa usaha au kuachia, damu nyingi ukeni, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, au kichwa kuuma sana na kuona maluwiluwi. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba, ambacho huweza kumpata mama hata baada ya kujifungua.

Kabla ya kuondoka hospitalini, omba ripoti ya upasuaji inayoeleza mkato uliofanyika na kama kulikuwa na tatizo lolote. Karatasi hiyo ndiyo itakayomwongoza daktari wa mimba ijayo. WHO inashauri angalau miezi 24 ipite tangu kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine, na kwa mwenye kovu ushauri huo una uzito wa pekee. Kila upasuaji unaoongezeka huongeza uwezekano wa kondo la mimba inayofuata kung'ang'ania kwenye kovu, hali inayoweza kumgharimu mama kizazi au maisha. Wanaotaka watoto wanne au watano walizungumze hilo na daktari sasa, si baada ya upasuaji wa tatu.

Na wale wanaosema mwanamke aliyepasuliwa hajazaa, wakumbushwe kwamba amebeba mimba miezi tisa kama wengine, kisha akakubali kukatwa ili mwanawe afike salama. Heshima yake ni ileile.

Andika maswali haya uende nayo

1. Sababu ya upasuaji wangu ni ipi, na nikisubiri kutatokea nini?
2. Tarehe mliyonipa ni wiki ya ngapi, kwa hesabu ya kipimo kipi?
3. Nikianza uchungu usiku kabla ya tarehe, nani atanipasua na atafika baada ya muda gani?
4. Damu ya kundi langu iko wapi sasa hivi?
5. Mtoto akishindwa kupumua, atahudumiwa hapa au atahamishiwa wapi?
6. Bei mliyonitajia haihusishi nini? Naomba kwa maandishi.
7. Bima yangu inalipa kiasi gani, na kibali kinaombwa lini?
8. Nitapewa ripoti ya upasuaji siku ya kuruhusiwa?

Hospitali nzuri haitakasirika ukiuliza. Itakukalisha na kukujibu moja baada ya jingine. Ukiona mhudumu anakwepa swali la tatu, la nne au la tano na kukurudisha kwenye picha za vyumba, mshukuru, chukua faili lako, nenda kaulize kwingine. Muda bado unao.